Kununua Kiti cha Henzirani kwa Nyumba ya Lamu

Anayetafuta kiti cha henzirani kwa nyumba iliyo Lamu hana budi kuifikiria chumvi kabla ya kufikiria rangi. Hewa ya hapa hubeba unyevu wa bahari hadi vyumba vya ndani, na mara nyingi kinachotangulia kuharibika si fito za kiti bali misumari iliyozishika. Ndiyo maana niingiapo dukani siketi kwanza. Hukigeuza kiti miguu juu nikakitazama chini, hata kama muuzaji atakunja uso. Msumari wa chuma ulioanza kula kutu huacha doa la hudhurungi kwenye ufito, na ukiliona doa hilo kiti kingali dukani, jua kwamba mwaka mmoja wa barazani utakimaliza. Skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu zina gharama, lakini hapo ndipo fedha yako inapostahili kwenda.

Kagua pia mwisho wa mguu, na kama umevishwa kifuniko cha plastiki, omba kivuliwe. Henzirani ni mmea utambaao wa jamii ya mitende, na ndani yake umejaa, una vitundu vidogo vidogo tu; mwanzi una uwazi katikati na hupasuka upesi unapopigwa msumari. Wauzaji huvichanganya viwili hivi, pengine bila nia mbaya. Henzirani nyingi hutoka Indonesia, nchi ambayo mwaka 2012 ilizuia kuuzwa nje kwa henzirani ghafi ili kazi ya samani ibaki kwa mafundi wake, kwa hiyo ukitajiwa bei ya chini mno, ni vyema uulize unauziwa nini hasa.

Viungo ndivyo kiti chenyewe. Penye makutano ya fito mbili pazungushiwe utepe wa ganda la henzirani uliobana, na ncha yake iwe imefichwa chini ya mizunguko, si kubanwa kwa pini. Shika mgongo wa kiti kwa mkono mmoja na ukingo wa mbele kwa mwingine, kisha ukisokote kidogo. Kikilia si neno. Kiungo kikicheza, kiache.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni bungua. Vitundu vya mviringo, vyembamba kama ncha ya sindano, ni dalili ya mdudu aliyekwisha kutoka, ila unga laini unaodondoka unapokigonga kiti ni dalili kwamba huenda wengine wangali ndani. Unga huo ni mweupe na hauonekani vyema sakafuni, basi mimi hutandaza upindo wa buibui langu chini ya kiti nikagonga, nao huonekana mara moja.

Kwa kiti chenye kikalio cha kusuka, fundi mmoja wa mtaa wa Langoni hapa Lamu alinieleza kuwa kulegea pekee si sababu ya kukikataa, wala ya kukisuka upya. Hulowanishwa upande wa chini kwa kitambaa chenye maji ya moto, kikaachwa kivulini hadi kikauke, na nyuzi hujivuta zikakaza. Nimefanya hivyo kwa viti vya sebuleni kwangu na vimekaza vizuri, lakini haifai pale ambapo nyuzi zimekatika, na plastiki haifuati sheria hiyo.

Nikitaja plastiki, sioni aibu kuipendekeza kwa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kisicho na paa. Henzirani ya asili ikipigwa na jua la mchana hukauka ikakatika, na ikinyeshewa huota ukungu, hivyo mahali pake ni ndani au kwenye baraza lililofunikwa. Ukinunua ya plastiki, nenda na sumaku: ikinata kwenye mihimili, ndani mna chuma, na kutu ni ileile, isiponata, huenda ni alumini, ambayo hapa kwetu hudumu zaidi.

Mwisho, pima upana wa mlango na kona ya ngazi kabla ya kulipa, maana ngazi za nyumba zetu za kale hazipitishi kila kiti. Kikivushwa kwa mashua kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, kifungwe turubai, na kikifika kipanguswe kwa maji yasiyo na chumvi na kukaushwa siku hiyohiyo.