Lebo Iandike kwa Penseli: kwa unayetaka kusoma diploma ya bahari na mazingira

Chupa 24 za maji. Tulianza kuzijaza alfajiri, hapa Mwanza, kuanzia Mto Mirongo unapoingia Ziwa Victoria mpaka karibu na Kisiwa cha Saanane, nikazipanga kwenye deli la barafu huku nikijiona mtaalamu kamili. Kufika maabara, barafu imeyeyuka, lebo nilizoandika kwa peni zimebaki madoa ya bluu. Hakuna chupa niliyoweza kusema imetoka wapi. Mwalimu wala hakunifokea. Alinipa penseli, akaniambia kesho rudi. Hela ya mtumbwi nilitoa mimi.

Basi kila mdogo wangu anaponiuliza kama diploma ya sayansi ya bahari na usimamizi wa mazingira inalipa, naikumbuka ile penseli. Inalipa kama unapenda kulowa. Mwenye digrii ataandika ripoti, lakini anayeshuka majini kuchukua sampuli, anayehesabu samaki mwaloni, anayegundua kwamba kipimo cha oksijeni kinadanganya, mara nyingi ni mtu wa diploma. Kwa hiyo ukienda kuangalia chuo usiishie kwenye majengo. Waulize wanafunzi wa mwaka wa pili: mwezi uliopita mmepanda mtumbwi mara ngapi? Wakianza kutazamana, umeshapata jibu. (Ithibati ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, ihakikishe mapema, hilo halina mjadala. Ukitoka kidato cha nne utaanza ngazi ya 4, ya 5, na diploma yenyewe ni ya 6.)

Watu hunicheka: bahari Mwanza iko wapi? Wana hoja. Ziwani hakuna kupwa na kujaa, hakuna mikoko wala matumbawe, na kama kozi yako ina jina la bahari, fanya juu chini fildi moja uende pwani. Wakala wa mafunzo ya uvuvi, FETA, una kampasi Nyegezi hapa kwetu na nyingine Mbegani, Bagamoyo. Ila kanuni za maji ni zilezile, na ziwa hili ni darasa kubwa. Miezi ya joto maji ya juu hukaa kama mfuniko juu ya maji baridi ya chini, na kule chini oksijeni huisha. Upepo wa kusini ukianza kupiga kuanzia Juni, maji yanachanganyika. Maji mabovu ya chini yakipanda ghafla, mwenye vizimba vya sato anaweza kuamka akute samaki wanaelea. Sangara ndiye huhisi mapema zaidi, maana hawezi kuvumilia upungufu wa oksijeni kama sato. Mambo haya vitabu vinayo, ila yataingia kichwani siku utakapoyaona.

Usisubiri chuo kikupe vifaa. Sahani ya Secchi, ile ya kupimia uangavu wa maji, nilitengeneza kwa mfuniko wa ndoo: nikakata duara la sentimita 20, nikaigawa robo nne na kuzipaka nyeusi na nyeupe kwa kupishana, nikafunga jiwe chini na kamba yenye fundo kila sentimita 10. Unaishusha upande wenye kivuli cha mtumbwi mpaka ipotee, unasoma, unaivuta taratibu mpaka ionekane, unasoma tena, kisha unatafuta wastani. Karibu na Mirongo ilinipotea kabla ya mita moja. Nilipima kila Jumamosi, na siku ya usaili lile daftari lilifanya kazi kuliko cheti.

Vaa gambuti, kichocho kipo. Vaa jaketi la kujiokolea hata wavuvi wakikucheka.

Halafu jifunze ratiba ya wenyeji. Mimi nilipanga kukusanya takwimu za dagaa siku za mbalamwezi, nikakuta mitumbwi imelala na watu wanashona nyavu. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huko chuoni mwezi hamuuoni?" Dagaa hufuata taa gizani, mwezi ukiwaka, taa haina kazi.

Ila somo gumu kuliko yote lilikuwa la sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Darasani nilipata alama nzuri. Fildi tukapelekwa kupima, mimi nikashika mwisho wa futi kamba. Nikapita chanja za dagaa, nikapita jiko, nikapita mlango wa mama mmoja, na mita 60 bado. Shikamoo nilimpa nikiwa tayari nimesimama nyuma ya nyumba yake. Hiyo ni aibu, na hakuna mhadhara ulionifundisha kuikwepa: anza na salamu, kaa, eleza umetumwa nini, ndipo utoe futi.

Aliitika, akaendelea kugeuza dagaa wake. Maji yalipopanda 2020, alisema, chanja za mstari wa mbele zilimezwa zote. Kisha akauliza: "Sasa mwanangu, ziwa likija tena huku, mita zenu zinahama nalo au zinabaki palepale?"

Kiongozi wetu akatazama saa. Mimi niliandika swali lile kwa penseli, na ndilo lililokuwa mada ya ripoti yangu ya mwisho.