Pazia anafungua mgonjwa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza hivi: ukitaka kumfuata daktari tarajali, yule aliyemaliza chuo na bado yuko kwenye mafunzo ya kazi, kwa siku chache, uione kazi ilivyo kabla hujaacha hesabu zako na kuomba nafasi ya kusomea udaktari, umwandikie yeye mwenyewe au uuandikie uongozi wa hospitali? Na barua iseme nini? Na mjomba wako ampigie simu yule rafiki yake aliye kule juu?

Mjomba mwache. Mtu aliyeingia wodini kwa simu ya mkubwa wauguzi humtazama kwa jicho jingine, na daktari aliyelazimishwa kufuatwa hakuonyeshi kitu. Anza na daktari mwenyewe, kwa mdomo, kwa sababu asiyetaka kufuatwa hafuatiki. Akikubali, muulize daktari bingwa anayemsimamia ni nani, maana tarajali bado yuko chini ya uangalizi na hana mamlaka ya kumwingiza mtu wodini. Ukisharidhiwa na hao wawili ndipo uandike barua rasmi kwa uongozi, ipitie ofisi inayoshughulika na mafunzo. Iwe fupi: wewe ni nani, unafikiria kusoma nini, unaomba wodi gani na tarehe zipi, nani amekubali kufuatwa, na kwamba hutamgusa mgonjwa wala kufungua faili la mtu. Ipeleke mapema, wiki kadhaa kabla. Watakusainisha karatasi ya kutunza siri. Wanaweza pia kudai kadi ya chanjo ya homa ya ini aina ya B, na hiyo si ya kukimbilia dakika ya mwisho: kwa kawaida ni dozi tatu, na ya tatu huchomwa miezi sita baada ya ile ya kwanza. Pengine watakupima na kifua kikuu. Wakikukatalia bila kukupa sababu usibishane nao, andika kwingine.

Haya, swali lako nimelijibu. Ila kuna mtu mmoja hukumtaja popote kwenye ujumbe wako, naye ndiye ninayemfikiria tangu nilipousoma. Umetaja daktari, umetaja uongozi, umetaja mpaka mjomba. Aliyelala kitandani je, yeye ataombwa na nani? Nimefanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote na neno hili nimelisema hadi wenzangu wakalichoka: uongozi unakufungulia mlango wa wodi, pazia anafungua mgonjwa.

Unakumbuka babu yako alipolazwa kwa ile ngiri. Wewe ulikuwa bado mdogo, ulikuwa unaletwa jioni kumsalimia, kwa hiyo kilichotokea asubuhi hukukiona. Mimi nilikuwepo, si kama muuguzi, kama binti yake, nimekaa pembeni nikingoja daktari. Raundi kuu ikafika. Bingwa mbele, madaktari nyuma yake, wanafunzi nyuma yao, na mwisho kabisa kijana mmoja asiye na koti jeupe, amevaa shati la nyumbani na ameshika daftari. Bingwa hakusalimu. Alishika shuka kwa vidole viwili akalivuta hadi magotini, pazia liko wazi, mimi niko palepale, akawauliza wanafunzi wanaona nini. Wakainama wote. Yule wa daftari naye akainama.

Unamjua babu yako. Mtu ambaye hata kanzu alikuwa anavalia ndani, mlango umefungwa. Aligeuza uso ukutani. Nilitaka kusema, na ningesema, lakini alinyoosha mkono nyuma bila kunitazama akanishika kifundo, akanibana. Nikanyamaza kwa ajili yake. Wakamaliza, wakahamia kitanda cha pili. Shuka lilirudishwa na mwanafunzi wa kike aliyebaki nyuma, akalipanga vizuri hadi kifuani, kisha akakimbia kuwafuata wenzake.

Mchana wote babu yako hakuulizia ngiri yake. Hakuuliza atapasuliwa lini. Kitu kimoja tu alichoniuliza, na aliniuliza tena na tena: "Yule asiye na koti alikuwa nani?"

Mpaka leo, mwanangu, ninapoandika hapa, kinanichoma. Najua bingwa yule alikuwa na wodi nzima ya kuzungukia. Najua wanafunzi lazima wajifunze kwa mtu aliye hai, hakuna njia nyingine, na mimi mwenyewe nilijifunza hivyo. Nimejaribu kumtetea kichwani mwangu. Kisha naukumbuka ule mkono ulionibana, na utetezi wangu unaishia hapo. Kusema "Shikamoo mzee, niko na wanaojifunza, uniruhusu?" hakuchukui hata muda wa kuvuta pazia.

Jioni alikuja daktari tarajali, peke yake. Alikuwa kwenye lile kundi la asubuhi, nyuma nyuma. Alivuta pazia kwanza, akavuta kiti, akakaa. Hilo la kukaa ulishike: daktari aliyesimama mgonjwa humjibu harakaharaka, aliyekaa humweleza. Babu akamuuliza swali lake. Yule kijana hakuzunguka. Akasema asiye na koti alikuwa mtu aliyekuja kutazama kazi ya udaktari, alikuwa anamfuata yeye, na kwamba mzee alipaswa kuombwa kwanza na hakuombwa. "Kesho nitakuja naye hapa mlangoni mwa pazia. Ukikataa, atabaki nje."

Na kweli kesho yake walikuja. Kijana wa daftari alisimama nje ya pazia, akasalimia, akaomba mwenyewe, sauti imekauka. Babu akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, akasema hapana. Tarajali akajibu, "Sawa, mzee," akamwelekeza mwenzake kwenye benchi la ukumbini, akarudi akafunga pazia akaendelea kukagua tumbo kwa utaratibu uleule, hakukunja uso, hakuharakisha. Babu yako siku hiyo alikula chakula chote. Kila aliyekuja kumwona alisimuliwa. "Nimekataa, na wamekubali." Alilisema kama mtu aliyerudishiwa shamba lake. Na hata alipopona, miaka yote baadaye, ukimtajia hospitali ile, hakuanza na ule upasuaji, alianza na lile hapana.

Huyo ndiye daktari wa kumfuata. Tafuta wa namna hiyo, usitafute mwenye sifa wala mwenye cheo.

Najua utauliza kwa nini tarajali na si bingwa, maana umeandika kwamba rafiki zako wanakushauri bingwa. Bingwa utamwona kwenye raundi, anauliza mawili matatu, anaagiza, anapita. Anayebaki na yale maagizo ni tarajali. Ndiye anayetoa damu, anayetafuta mshipa kwa bibi ambaye mikono yake imebaki ngozi, anayefuata majibu maabara, anayejaza faili, anayewaambia ndugu pale kwenye korido habari ambazo hakuna anayetaka kuzisema. Hiyo ndiyo kazi utakayoifanya miaka yako ya mwanzo, ukiichagua. Upande mwingine nafikiri, je, ni haki kumpachika mtu wa kumfuata kijana ambaye kila hatua yake inapimwa? Anaogopa kukosea mbele ya mkubwa wake, sasa aogope na mbele yako? Nimelizungusha sana hili. Nabaki palepale: tarajali, au daktari anayesomea ubingwa, lakini umwambie tangu mwanzo kwamba akikwambia "kaa nje" hutauliza kwa nini.

Na uombe angalau zamu moja ya usiku. Mchana hospitali imejaa watu na kila mtu anaonekana hodari. Uchovu wa hawa vijana si jambo la kupuuza, na dunia ilichelewa kuliona. Mwaka 1984 msichana wa miaka 18 aitwaye Libby Zion alifariki New York saa chache baada ya kulazwa, akiwa chini ya madaktari wa mafunzo walio kwenye zamu ndefu na wagonjwa wengi. Sababu ya kifo chake ilibishaniwa miaka mingi, mpaka mahakamani, lakini baba yake hakunyamaza kuhusu zile saa. Mwaka 1989 jimbo la New York likawawekea kikomo cha saa 80 kwa wiki, na mwaka 2003 kikomo hicho kikaenea katika mafunzo ya madaktari Marekani nzima. Saa 80, na hiyo ndiyo nafuu! Katika Umoja wa Ulaya sheria inasema wastani wa saa 48. Kwa hiyo ukimkuta daktari wako alfajiri amesimama mbele ya kabati la dawa anaisoma lebo ileile kwa mara ya pili, usimsemeshe. Mwache amalize kusoma.

Mikono yako sasa. Utaona naing'ang'ania, lakini mfuasi anayetembea kitanda hadi kitanda ni hatari kama daktari anayetembea kitanda hadi kitanda. Mwaka 1847 kule Vienna, Ignaz Semmelweis aligundua kwamba akina mama waliojifungulia kwenye wodi ya wanafunzi wa udaktari walikuwa wanakufa zaidi kuliko wale wa wodi ya wakunga, na kwamba wanafunzi walikuwa wanatoka kupasua maiti wanakwenda moja kwa moja kuzalisha. Akawalazimisha kunawa kwa maji ya klorini. Aprili mwaka ule walikuwa wanakufa takriban 18 katika kila akina mama 100. Juni wakawa takriban 2. Wanafunzi, mwanangu, watu waliokuja kujifunza, ndio waliokuwa wakibeba kifo mikononi bila kujua. Kwa hiyo utakasa mikono kabla na baada ya kila kitanda hata kama hukugusa mtu, kwa sababu utagusa chuma cha kitanda, utagusa pazia. Kwa sabuni na maji sekunde 40 hadi 60, kwa dawa ya spiriti 20 hadi 30. Vua pete na saa, mikono ya shati iishie juu ya kiwiko.

Wakikuruhusu kuingia chumba cha upasuaji, simama ukutani, mikono kifuani, na usikaribie kitambaa chochote cha kijani au cha buluu kilichotandikwa, hata kama kinaonekana hakina kazi. Ule kabla ya kuingia. Unamjua kaka yako alivyozimia kwa kile kidole, na ninyi wawili mmetoka tumbo moja. Ukihisi jasho la baridi, masikio yanavuma, taa zinasogea mbali, usijikaze kiume. Sema "naomba nikae", kaa chini hapohapo ulipo, mbali na meza. Hakuna atakayekucheka, kila muuguzi wa thieta amewahi kumdaka mtu.

Daftari chukua, lakini jina la mgonjwa lisiingie humo, wala namba ya kitanda, wala kitu ambacho mtu akikiokota atamtambua mwenyewe. Simu iache kwenye begi, imezimwa. Na ukifika wodini, mtafute kwanza muuguzi anayeongoza zamu ujitambulishe, hata kama daktari wako anakuvuta mbele. Yeye ndiye anayejua mgonjwa gani usiku hakulala, yupi amepoteza mtoto, yupi asiombwe kitu asubuhi hiyo. Akikwambia ruka kitanda kile, ruka.

Daktari wako akisahau kumwomba mgonjwa, na siku yenye kazi nyingi atasahau, wewe usingoje akumbuke. Baki nje ya pazia. Huna haja ya kumkosoa mbele ya watu, kubaki kwako nje kutamkumbusha. Narudia tena na nitarudia ukija: pazia anafungua mgonjwa. Akisema hapana, umepata somo siku hiyo sawa na aliyeingia, na usimwonyeshe kwamba umeumia.

Kuhusu lile jingine, kama uwe daktari kweli, hukuniuliza, na baba yako ameniomba nisiseme. Ninayo maoni, unajua ninayo. Nimeyaandika hapa na kuyafuta. Umri wako wanasema umepita. Mimi sioni hivyo, nimewaona waliokuja wakubwa wakawa watulivu kuliko wadogo zao. Lakini pia nimewaona... basi. Nimeahidi. Nenda kwanza, ukirudi usinihadithie magonjwa, hiyo si haki yako kuisimulia. Nisimulie jinsi daktari wako alivyowaomba watu, na wewe ulijisikiaje kwenye benchi. Baada ya hapo baba yako anajua hataweza kunizuia.

Rasimu ya barua nitumie kabla hujaipeleka. Kadi yako ya chanjo iko kwenye bahasha ya vyeti, kabatini kwangu, nitaiangalia leo kama dozi ya tatu ilichomwa.

Mama yako