Jibu: Sura ya spreyi haifanani na mwenyewe
Ndugu, umeuliza kwa nini macho umeyapatia lakini watu hawamtambui uliyemchora ukutani kwa kopo la spreyi. Angalia nyusi kwanza. Hatumtambui mtu kwa kipande kimoja. Tunasoma uso mzima kwa pamoja, na nyusi zina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Zikipanda kidogo tu, umeshachora mtu mwingine.

Anza na vivuli vikubwa, kopo likiwa kama sentimita 25 kutoka ukutani. Mistari ya kope isogelee hadi sentimita 3, mkono ukienda haraka, la sivyo rangi itachuruzika. Halafu rudi nyuma hatua kumi, finya macho utazame. Asipotambulika hapo, usihangaike na mikunjo: rekebisha kivuli chini ya nyusi na pembeni mwa pua. Weupe wa jicho upulizie kijivu chepesi. Jicho likiwa jeupe pe, mtu huonekana ameshtuka.