Damu imevilia kichwani, mapafu mazima: kwa nini mgonjwa ashindwe kupumua?

Pole sana mkuu. Umesema kaka kaanguka na bodaboda, akaamka, akaongea, hata maji akaomba. Usiku akaanza kukoroma, alfajiri akawekewa mpira kooni na kuunganishwa na mashine. Picha ya kifua safi, ya kichwa inaonyesha damu imevilia, daktari kataja "alama 7", na shangazi anadai mashine ndiyo inayommaliza. Mimi ni muuguzi wa ICU, na ndugu wengi wa wagonjwa huniuliza swali hilihili.

Amri ya kupumua haitoki kifuani. Inatoka kwenye shina la ubongo, kule chini kisogoni ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Sasa fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani mna ubongo, damu na maji ya ubongo, basi. Damu ikivuja kati ya mfupa na ubongo, kwanza maji yanasogea kuelekea mgongoni na mishipa inapunguza damu yake, ndiyo maana wengine huongea vizuri kwa saa kadhaa. Nafasi ikiisha, presha ndani ya fuvu inapanda kwa kasi, ubongo unasukumwa chini kuelekea tundu la fuvu, na shina linabanwa.

Kukoroma ndiko kunakoniuma zaidi, maana nyumbani watu husema "mwacheni, amechoka". Ufahamu ukishuka, misuli ya koo inalegea na ulimi unaziba njia ya hewa. Aliyegonga kichwa akikoroma kwa namna isiyo yake, mwamsheni. Asipoamka, mlazeni ubavu, kichwa, shingo na mwili vigeuzwe kwa pamoja ili akitapika asipaliwe, na safari ya hospitali ianze hapohapo.

Shangazi mwelezeni hivi. Mtu akipumua kwa shida, hewa chafu ya kabonidayoksaidi inarundikana kwenye damu. Ikizidi, mishipa ya ubongo inatanuka, damu inajaa kichwani, presha inapanda tena, na pumzi inazidi kudhoofu. Mashine inakata mzunguko huo. Wala haipigi pumzi ovyo: tukiikimbiza mno, mishipa inasinyaa na ubongo unakosa damu, kwa hiyo tunapima hewa ya damu na kurekebisha. Kutofumbua macho nako huenda kunatokana na dawa za usingizi anazopewa ili aivumilie mashine, ulizeni.

Alama 7 ni za kipimo cha Glasgow, cha kupima kiwango cha fahamu, kinachotumika tangu 1974. Mwenye fahamu timamu hupata 15, ya chini kabisa ni 3. Kuanzia 8 kushuka kwa kawaida mgonjwa huwekewa mpira, hata kama bado anavuta hewa mwenyewe, kwa sababu hawezi kulinda koo lake.

Kuna upumuaji mwingine mtauona wodini: pumzi zinakua, zinafifia, kimya kirefu, kisha zinaanza upya. Daktari John Cheyne aliueleza mwaka 1818, na hauji kwa majeraha ya kichwa peke yake. Kinachotutisha sisi ni pumzi kuvurugika huku presha ya damu ikipanda na mapigo ya moyo yakienda polepole. Hapo tunamwita daktari mbio, shina limeelemewa.

Baada ya upasuaji wa kutoa damu, msimwulize daktari "atapona lini". Ulizeni kama anaanzisha pumzi mwenyewe dawa za usingizi zikipunguzwa, mboni zinaitikia mwanga, na anakohoa tukimnyonya makohozi. Kikohozi hicho familia hukiogopa, sisi hukifurahia.

Na daktari akitaja kumtoboa koo, yaani kupitisha mpira wa hewa kwenye tundu la shingoni, msikatae kwa woga. Mpira wa mdomoni ukikaa muda mrefu huumiza koo, na kwa tundu la shingoni kumwachisha mashine huwa rahisi. Akishapumua na kukohoa vizuri, mpira huo huondolewa, na tundu kwa kawaida hujifunga lenyewe.