Dedilaini siyo ukuta

Tunaofanya kazi za kutafsiri na kuhariri kwa kuletewa, dedilaini, yani siku ya mwisho ya kukabidhi kazi, tunaitaja kila siku, ila wengi hawajui kwamba zamani ukiivuka ulikuwa unapigwa risasi, kweli kabisa.

Neno lilipata umaarufu kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, kwenye kambi ya Andersonville, Georgia, ambako 1864 na 1865 upande wa Kusini uliwafungia askari wa Kaskazini kama 45,000 na karibu 13,000 wakafia mlemle, njaa, kuhara, kiseyeye. Kambi ilizungushiwa ukuta wa magogo, alafu ndani, kama mita 6 kabla hujaufikia huo ukuta, kulikuwa na kizuizi cha mbao tu, hata mtoto anakiruka. Hicho ndo kiliitwa deadline, yani mstari wa kifo, ukiuvuka mlinzi aliye juu ukutani anafyatua risasi. Mkuu wa kambi, Henry Wirz, alinyongwa Novemba 1865 na huo mstari ulikuwemo kwenye mashtaka yake. Matumizi ya saa ya mwisho ya kupokea habari yalikuja baadaye, karne ya 20, kwenye magazeti ya hukohuko Marekani.

Sa kilichonikaa kichwani mimi ni hizo mita 6 za kati ya mstari na ukuta, nafasi kama hiyo naiacha kwenye kazi zangu. Mteja akisema Ijumaa huwa namuuliza, Ijumaa unaipokea au Ijumaa ndo inaenda mtamboni kuchapwa? Akisema mtamboni, dedilaini yangu naiweka Jumatano na simwambii, maana ukimwambia, Jumanne usiku atakuwa ashaanza kukuulizia (mnajijua). Hizo siku mbili ni za umeme kukatika, faili kugoma kufunguka, na kuisoma upya kazi akili ikiwa imepumzika, na hiyo ya mwisho ndo inayookoa jina lako kuliko zote. Kazi ya kurasa mbili tatu nusu siku inatosha, usijitese.

Alafu siku bila saa msikubali, Ijumaa yake ni asubuhi, yako ni saa sita usiku, hapo ugomvi tayari. Iandikeni Whatsapp. Na mteja akiwa Uingereza taja kabisa ni saa za Dar au za London, maana miezi mingine tunawazidi masaa matatu, miezi mingine mawili.