Kabla ya kununua projekta, kakae nyuma ya darasa

Watu wanaotaka niwasaidie kupanga kituo cha tuisheni au mafunzo ya kazini karibu wote huanza na vifaa: projekta gani, viti gani, kompyuta ngapi. Mimi huwaambia twende kwanza tukakae nyuma ya darasa lao saa nane mchana, bati likiwa limeshika moto. Chora chumba kwenye karatasi, kisha weka nukta pale alipoketi kila anayefungua mdomo.

Kituo kimoja huku Mbagala, Dar es Salaam, nukta zilijazana safu za mbele. Upande wa dirisha la barabarani hakuna kitu. Mwalimu alishawaita wale wavivu. Kumbe honi zinameza nusu ya maelezo, na wanaoishia pale ni wanaochelewa, maana wanatoka mbali na makonda huwaacha kituo cha daladala kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Ubao ukahamishiwa ukuta wa pili, viti vya karibu na mlango vikaachwa kwa wanaochelewa. Gharama yake? Jasho tu.

Lugha ni ngumu zaidi. Mtoto amesoma msingi kwa Kiswahili, anafika kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza, ananyamaza. Ukimya huo usiupe jina la uzito wa kichwa. Waache wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili, wabishane hasa, halafu waandike kwa Kiingereza, kwani mtihani ndivyo unavyotaka. Wako watakaosema unawadekeza; mimi sikubaliani nao.

Hayo si mageni kwetu. Nyerere mwaka 1967, katika andiko lake Elimu ya Kujitegemea, alilalamikia shule inayomtenga mwanafunzi na jamii yake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima nchi nzima kwenye vikundi: wanasikiliza redio (redio, jamani!), wanajadili, kisha wanaamua wenyewe la kufanya, hata kama ni kuchimba choo.

Ukitaka maoni, usiwaulize waliobaki tu, hao watakusifia. Watafute walioacha. Binti mmoja aliacha kwa sababu mlango wa choo haukuwa na komeo. Mwenye kituo alikuwa ameshatenga hela ya kubandika mabango ya kutafuta wanafunzi wapya.