Fundi wa rangi ya nje: muulize kwanza ukuta atauosha na maji gani

Dada yangu, umesema una bei mbili za kupaka nyumba ya wazazi pale Shella, hapa Malindi. Moja ni karibu nusu ya nyingine, na huyo wa bei ya chini anaahidi kumaliza kabla ya Idi. Nawe uko Nairobi. Mimi nimesimamia rangi ya nje ya nyumba yetu na za ndugu kadhaa huku, basi nakwambia niliyoyaona.

Bei ziweke kando kwanza. Waulize wote wawili: ukuta unaotazama bahari mtaufanya nini kabla ya kufungua ndoo? Tofauti ya ile pesa karibu yote imejificha hapo. Jua linapausha rangi, lakini kinachoibandua huku ni chumvi. Upepo wa kusi ukivuma, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, unaleta unyevu wa bahari mpaka ukutani. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Ukipaka juu yake, chumvi inavuta unyevu tena, rangi inafura kisha inatoka vipande vipande. Fundi anayejua kazi atakwangua kila kilicholegea, atapiga msasa, ataua kuvu kwa jiki iliyozimuliwa, ataosha ukuta mzima, atauacha ukauke, ataziba nyufa, ndipo apake praima, ule mpako wa kwanza wa kushikisha rangi. Siku zinakwenda na wewe huoni rangi hata tone. Yule wa nusu bei hayo anayaruka, na siku ya kukabidhiwa, kazi zote mbili zitang'aa sawasawa.

Akisema ataosha, muulize maji gani. Visima vingi vya huku vina chumvi. Nilimkuta fundi mmoja, mtu mstaarabu kabisa, anaosha ukuta kwa maji ya kisima na rangi anaizimua kwa hayohayo. Nikamwambia, "Fundi, hiyo chumvi unaitoa ama unaitia?" Akacheka, akachukua ndoo akaenda mferejini.

Hiyo habari ya Idi, mwambie Idi itakuja na ukuta ukiwa vilevile, hakuna mgeni atakayerudi mlangoni. Tazama mvua. Masika ni Aprili hadi Juni, vuli Oktoba na Novemba. Mimi ningengoja kaskazi, Januari hadi mwanzo wa Machi, ukuta umekauka mpaka ndani. Ila jua la wakati huo ni kali, na rangi ikikauka kabla haijashika inaacha michirizi ya brashi. Fundi mzuri anakifuata kivuli: asubuhi yuko upande wa magharibi, alasiri anahamia mashariki. Na kama kuna mahali mmepiga plasta mpya, ipe wiki nne hivi kabla ya kuigusa.

Rangi nunua mwenyewe, yeye mwombe bei ya leba tu. Hesabu si ngumu. Kwenye ukuta laini lita moja hufunika mita 10 za mraba hivi kwa mpako mmoja. Ukuta wa mita 10 kwa 3 ni mita za mraba 30, kwa hiyo mipako miwili ni lita 6, na plasta ya kukwaruza itakunywea zaidi. Ndoo zifike zimefungwa, na kama rangi imechanganywa dukani, chukua zote siku moja. Ukirudi baadaye kuongeza, utaona kiraka kutoka barabarani.

Malipo: maandalizi walipe kwa siku, kupaka wape kwa kandarasi. Wengi watanipinga hapa. Lakini ukimpa yote kwa kandarasi, kila saa anayosugua anaiona kama hasara yake. Arubuni iwe ndogo, na fungu la pili litoke ukuta ukiwa mtupu, umeoshwa, umekauka. Mtume mjomba au jirani apitishe kiganja. Kikitoka cheupe, bado. Abandike na seloteipu, aivute ghafla. Ikija na rangi ya zamani, kukwangua hakujaisha.

Grili za madirisha zisisahauliwe. Kutu ikipakwa juu kwa juu, maji yake mekundu yatashuka kwenye ukuta wako mpya.

Kwa wengine wenye nyumba za kale, hasa kule Lamu mjini: haya ya praima na rangi za plastiki si yenu. Zile kuta za matumbawe na chokaa, nyingine unene wake unafika nusu mita, zinapumua. Nyumba ya shangazi yangu mtaa wa Mkomani, hukohuko Lamu, ilipakwa rangi ya plastiki ikapendeza, kisha unyevu ukakosa pa kutokea na plasta ikaanguka pamoja na rangi. Huko ni chokaa juu ya chokaa. Tena mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, waulizeni watu wa Makumbusho kabla ya kugusa sura ya nje.

Dada, kabla hujatuma arubuni, kila fundi akutajie nyumba aliyoipaka kusi mbili zilizopita. Mtu wako asiishie mlangoni, azunguke upande wa bahari apige picha. Nitumie na za ule ukuta wenu wa mashariki, karibu na msingi, nikwambie kama plasta yenyewe bado ina nguvu ya kubeba rangi.